Broka wa bima kaja na ofa nzuri, tuwatoe watumishi wa halmashauri NHIF?

"Shikamoo kaka. Mimi ni afisa utumishi kwenye halmashauri moja ya vijijini hapa mkoa wa Dodoma. Watumishi wetu wa kudumu wote wako NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na kila siku ofisini kwangu ni malalamiko, kadi haisomi, dawa hakuna zahanati, mtoto hajaingizwa, ukienda hospitali ya binafsi mjini unaambiwa hiki bima hailipi. Alafu tuna watu 74 wa mikataba wanaolipwa kwa mapato ya ndani, madereva, walinzi, wakusanya ushuru, wahudumu wa ofisi, hawa hawana bima kabisa. Sasa kuna broka kaja na ofa ya kampuni binafsi, shilingi 320,000 kwa kichwa kwa mwaka, hospitali zaidi ya mia nchi nzima, na wameahidi kutudhamini jezi za SHIMISEMITA, ile michezo ya watumishi wa serikali za mitaa. Anataka orodha ya watumishi wote na magonjwa waliyonayo ili atupe bei ya mwisho. Mkurugenzi kaniambia niandae mapendekezo ya menejimenti. Tuwahamishe wote au tuanze na hao 74? Na nitajuaje kampuni ipi ni nzuri?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza swali moja ila ndani yake kuna matatu yamefungwa kwenye furushi moja na nadhani ndo maana linakuumiza kichwa. Watumishi wa kudumu wanalalamika, hao 74 hawana kitu, na kuna mtu kaja na ofa anataka jibu haraka. Huyu wa mwisho ndo anafanya hayo mawili ya kwanza yaonekane yana dawa moja, na hayana.

La kuwahamisha wote nalimaliza haraka: haiwezekani. Mtumishi wa umma yuko NHIF kwa sheria, Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ya 1999, Mfuko wenyewe ulianza kazi 2001, na mchango ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi, 3 anakatwa yeye na 3 analipa mwajiri. Kwa wale wanaolipwa na Hazina hela hiyo hata haipiti mikononi mwenu, inakatwa juu kwa juu kwenye mfumo wa mishahara. Kwahiyo hakuna kikao cha menejimenti wala cha Baraza la Madiwani kinachoweza kukaa kikasema kuanzia Julai tunahama. Mkisaini na kampuni kwa ajili ya hao watu mtakuwa mnalipa bima ya pili juu ya ile ya kwanza kwa hela ya mapato ya ndani, na mkaguzi akifika hapo hana haja ya kutafuta hoja, ameshaipata. Broka analijua hili. Na kama halijui basi hiyo nayo ni sababu ya kutomsikiliza.

Na hata ingekuwa inawezekana nisingekushauri. Ile 6% inabeba mwanachama, mwenza wake na wategemezi hadi wanne, wakiwemo wazazi. Jaribu kuipelekea kampuni yoyote binafsi orodha yenye mama wa miaka 71 mwenye presha na sukari uone bei itakavyoruka, au watakuambia kabisa umri huo hatuchukui. Alafu kuna kustaafu. Mtumishi akifika 60 akiwa ametimiza masharti ya Mfuko anaendelea na kadi yeye na mwenza wake bila kukatwa tena. Bima ya kampuni inakufa siku ajira inapokufa, yaani pale pale mtu anapoanza kuihitaji. Vijana wa miaka 28 hawalioni hili, wanaona tu kwamba mwezi huu wamekatwa na hawakuumwa.

Sasa malalamiko. Hapa nitasema kitu ambacho huenda usikipende, ila nakisema kwa upendo. Sehemu kubwa ya hayo uliyoyaorodhesha NHIF hahusiki peke yake, na mengine yako mezani kwako.

Kadi haisomi. Mgonjwa akifika mapokezi kituo kinaingia kwenye mfumo wa Mfuko kuhakiki kama uanachama uko hai. Ikigoma mara nyingi ni mtumishi aliyehamia kutoka halmashauri nyingine na taarifa zake hazijahamishwa, au ajira mpya ambaye fomu zake zimekaa ofisi ya utumishi zikisubiri saini, au jina kwenye kitambulisho cha NIDA ni tofauti na jina la kwenye mshahara, huku Jenifa kule Jennifer. Mtoto hajaingizwa, ni hivyo hivyo, cheti cha kuzaliwa hakijapatikana RITA au kimepatikana na fomu haijapelekwa. Kampuni mpya ikija itataka fomu hizo hizo, picha hizo hizo na vyeti hivyo hivyo, toka kwako huyo huyo.

Dawa hakuna zahanati. Hili ndo watu wengi wa utumishi hawaliangalii kabisa na mimi naliona ndo moyo wa jambo lenyewe. Zahanati hiyo ni ya nani? Ni ya halmashauri yako. Nyie ni mwajiri wa mgonjwa na hapo hapo ni mmiliki wa kituo kinachomtibu. Inavyokwenda ni hivi: mtumishi anatibiwa, muuguzi anajaza fomu, kituo kinapeleka madai NHIF, Mfuko unahakiki, unalipa, hela inaingia kwenye akaunti ya kituo na kituo kinanunua dawa. Sasa fomu ikijazwa hovyo, namba ya kadi imekosewa, ugonjwa ulioandikwa hauendani na dawa iliyotolewa, saini ya mgonjwa haipo, Mfuko unakata. Au madai yanapelekwa kwa kuchelewa kwa sababu muuguzi yuko peke yake, anazalisha, anachanja, na usiku ndo anajaza fomu. Hela inarudi pungufu, kituo kinaagiza dawa pungufu, na miezi miwili baadaye mwalimu wa shule ya jirani anakuja ofisini kwako kusema NHIF ni wezi.

Kwahiyo kabla ya kuongea na kampuni yoyote nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya umuombe kitu kimoja: taarifa ya madai ya vituo vyenu, kiasi kilichoombwa, kiasi kilicholipwa na sababu za makato. Ziko kwake. Kama makato ni makubwa, kazi ya kwanza ya halmashauri ni kumpa yule muuguzi mtu wa kumsaidia kuandika madai, na mshahara wa huyo msaidizi unaweza kurudi kwa hela itakayookolewa. Alafu kumbuka mkiwapeleka watu wenu kwa kampuni binafsi inayolipa hospitali za mjini tu, mtakuwa mmevinyima vituo vyenu wateja wenye bima, ambao ndo hela yao ya uhakika.

Na dawa ikikosekana kweli kuna njia. Kwa mwanachama wa NHIF kuna fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lililosajiliwa na Mfuko, kituo kinapaswa kumpa, asiondoke mikono mitupu akanunue kwa hela yake. Watumishi wengi hawajui na wahudumu wengine hawasemi. Kwa upande wa kituo, MSD, yaani Bohari ya Dawa, ikikosa dawa kuna mshitiri, msambazaji binafsi aliyeteuliwa kujazia pengo, ule mfumo wa Jazia, na sisi watu wa Dodoma hatuna kisingizio cha kutoufahamu maana ulianzia hapa hapa mkoani kwetu 2014 kabla haujaenda nchi nzima.

Hospitali binafsi mjini. Hapa watumishi wako wana haki ya kulalamika na sitamtetea mtu. NHIF inalipa kwa kitita, yaani bei ya kila kipimo na kila dawa imepangwa na Mfuko, na hospitali binafsi nyingi zinasema bei hiyo haifikii gharama zao. Mwanzoni mwa 2024 kitita kipya kilipoanza baadhi ya hospitali binafsi zilifika hatua ya kugoma kupokea wanachama, mazungumzo yakafanyika, huduma zikarudi. Ila mvutano wenyewe hauishi kwa tangazo, unabaki chini chini, na mgonjwa ndo anaukuta dirishani akiambiwa kipimo hiki ongezea, dawa hii haimo. Kampuni binafsi zenyewe zinajadiliana bei na kila hospitali kivyake na kwa kawaida zinalipa juu kidogo, kwahiyo ni kweli mapokezi ya hospitali binafsi kadi yao inachekewa zaidi. Hilo broka hajakudanganya. Suala ni watumishi wako wangapi wanaishi karibu na hizo hospitali.

Turudi kwa hao 74 maana hapo ndo mna uamuzi halisi wa kufanya, na hapo kweli mmechelewa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni 2023, na mwelekeo wake hauna utata, mwajiri anatakiwa kumuingiza mwajiriwa wake kwenye bima. Halmashauri inayowakumbusha wananchi kila mkutano wa kijiji wajiunge na bima huku mlinzi wa geti lake mwenyewe hana kadi ni aibu kidogo, tuseme ukweli.

Chukua kalamu tupige hesabu. Broka anasema 320,000 kwa kichwa. Mara 74 unapata 23,680,000. Inaonekana ni hela ya kawaida kwa mwaka. Ila soma tena neno "kichwa". Ni mfanyakazi peke yake. Ukisema kila mmoja aingie na mke au mume na watoto wawili tu, vichwa ni 296 na bili ni 94,720,000. Sasa weka pembeni NHIF. Tuseme mshahara wa wastani wa hao watu ni 500,000, wewe utaweka namba zako halisi. Asilimia 6 ni 30,000 kwa mwezi, nusu yenu ni 15,000. Kwa watu 74 ni 1,110,000 kwa mwezi, 13,320,000 kwa mwaka upande wa mwajiri, na mfanyakazi anachangia kiasi hicho hicho. Kwa hela hiyo kila mmoja anaingia na familia yake hadi jumla watu sita. Sijui kama nahitaji kuongeza neno hapo.

Lakini bei sio kitu pekee. Kuna la mtiririko wa hela, na hili kwa halmashauri zetu za kanda ya kati ni kubwa kuliko bei. Mapato yenu ya ndani yanategemea nini? Alizeti, mtama, ufuta, mahindi, minada ya ng'ombe na mbuzi, wenye bahati wana zabibu au wana soko kama la Kibaigwa. Hela inakuja kwa msimu, kuanzia Mei mnapumua, ikifika Januari, Februari mweka hazina hashiki simu. Na bima ya kampuni Tanzania inaenda kwa utaratibu wa hakuna malipo hakuna bima. Kampuni inataka mwaka mzima mbele, au ikikuonea huruma awamu mbili au nne. Awamu ya Januari ikichelewa kadi zinafungwa zote siku hiyo hiyo, bila kuangalia nani yuko wodini. Nimeona halmashauri moja watu wamelazwa na kadi zimezimwa kwa sababu vocha ya malipo ilikuwa inazunguka kati ya ofisi tatu, na kampuni kwa mkataba haikuwa na kosa lolote. Mchango wa NHIF unakwenda mwezi kwa mwezi pamoja na mishahara. Bado mnaweza kuchelewesha, na mkichelewesha matatizo yapo, ila ni rahisi kutafuta milioni moja na laki kila mwezi kuliko milioni ishirini na kitu wakati wa ukame.

Kuna kitu kingine kuhusu kikundi kidogo. Bima ni kama mchango wa msiba mtaani: mkiwa kaya mia tano kila mmoja anatoa buku msiba unabebeka, mkiwa kaya kumi mnauza mbuzi. Watu 74 ni kaya kumi. Akitokea mmoja figo zimefeli anahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, hizo ni mara 156 kwa mwaka, kila moja na bili yake. Kampuni itafanya nini? Kwanza kuna kikomo, kila mkataba una kiwango cha juu cha kulazwa na kiwango cha juu cha matibabu ya kutwa, kikiisha mgonjwa analipa mwenyewe. Pili mwaka ukiisha wanakaa chini wanaangalia mlilipa kiasi gani na mlitumia kiasi gani, kama mlitumia zaidi ya mlicholipa, au hata mlikaribia tu, bei ya mwaka wa pili inapanda au wanakuandikia barua ya heshima kwamba hawataendelea. Bei ya mwaka wa kwanza ni chambo, wanaojua biashara hii hawanishangai nikisema hivyo. Ukiwa na broka mbele yako usimuulize bei ya mwaka huu, muulize akupe kwa maandishi kanuni ya kupandisha bei mwaka wa pili na wa tatu. Angalia uso wake.

Kwa haki niseme bima za kampuni zina mahali pake. Taasisi yenye watu wengi vijana, wako mjini wote, ina hela ya uhakika, inataka hospitali binafsi na huduma ya haraka, mimi mwenyewe naweza kuishauri ichukue. Hata nyie kama siku moja mtataka kuwaongezea wakuu wa idara bima ya juu kwa hela yao wenyewe kupitia ushirika au kikundi, sawa, ni ridhaa yao. Mtendaji wa kijiji kilicho kilometa themanini kutoka lami ndo simuoni akifaidi.

Sasa umeuliza utajuaje kampuni nzuri, na hata kama mtaishia NHIF nakujibu maana swali hili litarudi tena na broka mwingine.

Orodha ya hospitali mia isikutishe. Chukua ramani ya wilaya yenu, andika kila kata ina watumishi wangapi, alafu mwambie akuonyeshe kituo kinachopokea kadi yake karibu na kila kata. Utakuta Dar ziko arobaini, Arusha ziko kadhaa, na kwenu kuna kimoja. Kisha angalia za mkoani kwetu ambazo watu wenu watazihitaji wakizidiwa: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa kwa mambo makubwa ya figo na moyo, Mvumi kwa watu wa upande wa Chamwino, DCMC ile hospitali ya Kikristo ya Dodoma, Mtakatifu Gemma. Na Mirembe, usiisahau Mirembe. Mikataba mingi ya kampuni inaruka magonjwa ya akili au inaweka kikomo kidogo mno, na mimi sijawahi kuona ofisi ya watu 74 isiyo na hata mmoja anayehitaji huduma hiyo kimya kimya.

Hatua inayofuata ndo ninayoiamini kuliko zote na haina gharama. Nenda mwenyewe hospitali mbili tatu ambazo kampuni imezitaja, usiende kwa mkurugenzi wa hospitali, nenda dirisha la bima, au kwa mhasibu anayefuatilia madeni ya bima, umsalimie vizuri umuulize kampuni fulani inalipa kwa muda gani. Huyo mtu anajua kila kitu. Akikwambia hawa wana miezi mitano hawajalipa, basi ujue hata kadi iwe ya dhahabu mgonjwa wako atazungushwa, kwa sababu hospitali isiyolipwa inaanza kuficha vitanda. Muulize pia kibali cha kulaza mgonjwa usiku kinachukua muda gani kupatikana, kuna mtu anashika simu saa nane usiku au wanasubiri kukuche.

Kwenye mkataba wenyewe ruka kurasa za mbele zenye picha za familia zinazocheka, nenda kurasa za nyuma zenye maandishi madogo. Tafuta muda wa kusubiri, hasa uzazi, mara nyingi mjamzito wa sasa hahesabiwi mpaka miezi kadhaa ipite tangu ajiunge. Tafuta magonjwa aliyokuwa nayo mtu kabla ya kujiunga, presha, sukari, pumu, selimundu, yanalipwa au yanarukwa. Tafuta mtoto mchanga anaanza kuhesabiwa lini. Tafuta meno na macho maana hapo ndo vinywa vya watumishi vinapoanzia kulalamika. Na ukikuta wamekuwekea "fidia ya ajali kazini" kama zawadi, uliza mnanunua nini, kwa sababu mfanyakazi akiumia kazini kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ambako mwajiri ana wajibu wa kuchangia tayari.

Kuhusu ile orodha ya majina na magonjwa, usiitoe. Kwanza wewe kama afisa utumishi hupaswi hata kuwa na orodha ya magonjwa ya watu, na kama unayo funga kabati. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na taarifa za afya ni za kulindwa kuliko zote. Kampuni makini inayotaka kukadiria bei inatosheka na idadi, jinsia, umri na wategemezi wangapi, bila jina hata moja. Anayeng'ang'ania majina na magonjwa kabla hata ya tenda anataka kuchuja, awaache wagonjwa abaki na wazima, au anataka orodha ya wateja wa kuwauzia mengine.

Tenda nimeitaja kwa sababu hata kama kampuni ni malaika hamuwezi kuichukua kwa kuwa imefika na andiko zuri. Ununuzi wa umma unapita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, kitengo chenu cha ununuzi kinalijua hilo, ofa ya mkononi ni karatasi tu. Broka naye hakikisha ana leseni hai ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ofisi zao ziko hapa hapa Dodoma, huna haja ya kuuliza kwa simu. Na usidanganyike kwamba huduma ya broka ni bure, kamisheni yake imo ndani ya ile 320,000. Jezi nazo zimo humo humo. Mwambie asante, jezi tutanunua wenyewe, kabla hazijawa ushahidi kwenye faili la mtu wa TAKUKURU.

Hao vibarua wa siku ambao hujawataja ila najua wapo, wa usafi wa soko, wa kupakia taka, wao kwa mshahara wa mwezi hawana msingi wa kukatwa asilimia. Kwao kulikuwa na CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ndani ya mkoa, na mpangilio wake nao ulifanyiwa majaribio kwetu Dodoma. Kwa kuwa Bima ya Afya kwa Wote inabadilisha vifurushi, muulize mratibu wa bima ofisi ya Mganga Mkuu kiwango kinachotumika sasa kabla hujaandika namba kwenye bajeti.

Kuna mambo mawili sitaki uyaamue kwa kusoma jibu langu. Hao 74 wana mikataba ya aina tofauti, wengine mwaka, wengine miezi sita, wengine wanahuishwa tu kwa mazoea, na kila aina ina namna yake ya kusajiliwa. Kaa na mwanasheria wa halmashauri na mweka hazina, alafu nendeni pamoja ofisi ya NHIF mkoa mkiwa na mikataba yenyewe, sio maelezo ya mdomo. La pili, kama kati yao kuna mtu yuko kwenye matibabu mazito sasa hivi, saratani, figo, ujauzito wenye shida, usimwambie asubiri bajeti ipite. Mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali anakotibiwa wiki hii hii, kuna utaratibu wa misamaha na wa kulipa kidogo kidogo, na huyo ofisa anaujua kuliko mimi na wewe.

Mapendekezo yako kwa menejimenti yasizidi kurasa mbili. Wa kudumu wanabaki, weka jedwali la malalamiko kwa chanzo chake na nani anatakiwa kufanya nini, na jina lako liwe la kwanza kwenye hilo jedwali, itakupa nguvu ya kuwataja wengine. Hao 74 omba waingie NHIF, na asilimia 3 ya mwajiri iwekewe kifungu chake kabisa kwenye bajeti ya mapato ya ndani kuanzia Julai, isiachwe kwenye matumizi mengineyo, maana huko italiwa na mafuta ya gari kabla ya Septemba. Ambatisha ile hesabu ya vichwa 296. Madiwani wanaelewa hesabu haraka kuliko vifungu vya sheria.